Mwaka Tulioimba kwa Bi Moza

Salma aliponipigia simu kuniambia kwamba mama yake, Mize, amerudishwa Pemba na yuko Tibirinzi, Chake, hajiwezi, nilikaa siku tisa kabla ya kwenda kumtazama. Kutoka hapa Mtambile mpaka Chake si safari. Ukiondoka asubuhi unarudi ukapika chakula cha mchana. Sikuwa na ugonjwa, sikuwa na mgeni, mvua haikunyesha. Niliogopa tu. Mize alikuwa rafiki yangu nilipokuwa kijana, na mara ya mwisho tulipoonana uso kwa uso nilimfanyia jambo ambalo sikupata kumsimulia mtu, hata mume wangu mpaka anazikwa.

Siku ya kumi nikaenda. Walimweka katika chumba cha mbele, kitanda kimesogezwa dirishani, feni inazunguka polepole, na juu ya meza ndogo kulikuwa na chupa ya chai, vidonge vyake na bakuli la uji uliokwisha kuota ngozi. Salma, ambaye nilimwacha mtoto wa kubebwa, sasa ni mwalimu mtu mzima. Alinieleza mlangoni kwa sauti ya chini: kiharusi kimempiga upande wa kulia, na maneno yamemtoka. Anafahamu kila anachoambiwa, lakini akitaka kusema maji inatoka "ta, ta, ta", mwisho hulia kwa hasira. Niliingia nikatoa salamu. Mize alinijua, nikaona machoni. Nikakaa kwenye kiti, na mimi pia maneno yakanikimbia. Tukawa wawili tusioweza kusema, mmoja kwa maradhi na mmoja kwa haya. Ukimya ulipozidi kunielemea nikaanza, bila ya kukusudia, kuvumisha puani kasida moja ya zamani tuliyofundishwa na Bi Moza. Nilipofika mstari wa pili nikasikia sauti nyingine imeingia chini ya yangu. Ilikuwa imekwaruza, imepungua, lakini maneno yalikuwa mazima, moja baada ya moja:

Yarabi tupe afua, vifua vyetu vipoe,
Tuliopotewa nao, wapokee uwalee.

Salma alikuja mbio kutoka jikoni na mikono yake ina unga. Mize aliimba mpaka mwisho wa ubeti, akamtazama binti yake, akafungua kinywa kumwambia kitu, ikatoka "ta, ta". Baadaye daktari alimwambia Salma kwamba jambo hili wanalijua. Kama nilivyoelewa mimi, maneno ya kusema na maneno ya kuimba hayakai chumba kimoja kichwani, na chumba kimoja kinaweza kubomoka, kingine kikabaki kimesimama. Nilirudi Mtambile jioni ile nikiwa siwezi kufanya kazi yoyote. Nilikaa ukumbini nikaukumbuka mwaka mmoja tu.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, naishi Jadida, Wete, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo ukuta wake wa uani ulipakana na uwa wa Bi Moza. Vyama vingi ndiyo kwanza vimeruhusiwa, na uchaguzi ulikuwa unakuja. Mimi sikuwa na habari nao. Masika ya mwaka ule nilijifungua mtoto wa kike, akaishi siku tatu. Hamad, mume wangu, aliyekuwa fundi baiskeli, alimzika na wanaume wenzake, akarudi akaniletea chai, akakaa kando ya kitanda akitazama mikono yake. Tangu siku hiyo chakula kilinishinda. Nilikuwa nakitafuna, kinakuwa kama pamba, nakitema. Pumzi ilikuwa fupi, inaishia juu ya kifua kama mtu aliyefungwa kibwebwe pasipostahili. Hospitali hawakuona kitu. Nesi mmoja wa bara, Nesi Agnes, alinipa vidonge vya damu, akanipima uzito, akaandika, na kila nikirudi akawa anaandika namba ndogo kuliko ile ya mwanzo.

Mize alikuwa jirani yetu wa nyumba ya tatu. Alikuwa amenizidi miaka minane hivi, mrefu, mweusi wa kung'ara, na sauti yake ilikuwa nzito mpaka watoto wakimcheka kwamba anaadhini. Mumewe, Bakari, alikuwa karani wa serikali. Alhamisi moja baada ya sala ya alasiri aliingia kwangu, akanikuta nimelala, akanivua kanga iliyochafuka akanifunga nyingine, kama anayemvisha mtoto. Akaniambia twende kwa Bi Moza, kwenye kasida. Nikamwambia mimi siwezi kuimba.

"Mie sikuiti kuimba," akasema. "Nakuita ukae tu."

Bi Moza alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu. Watu wake walipata kuwa na mashamba makubwa ya karafuu. Yeye aliachiwa nyumba ile tu, yenye ukumbi mrefu, dari ya juu, kabati la sahani ambazo hazikupata kuliwa chakula, na saa ya ukutani iliyokufa zamani. Mikeka ilitandikwa ukuta hadi ukuta. Tulikuwa wanawake kumi na saba, na harufu ya karafuu zilizoanikwa na majirani uani ilikuwa inaingia madirishani mpaka ukiimba unaionja. Sauti yake mwenyewe haikuwa nzuri. Ilikuwa nyembamba, lakini haikutikisika, na sikio lake lilikuwa kali. Alikuwa anapita nyuma yetu tumekaa, anatubonyeza mgongoni kwa vidole viwili. "Usivute kwa mabega," anasema. "Vuta kwa tumbo, kama unanusa mchuzi wa mwenzio." Na jambo alilolishikilia kuliko yote ni kwamba sauti ya kundi isikatike. Kasida zake zilikuwa na mistari mirefu ambayo hakuna kifua cha mtu mmoja kinachoimaliza, na alizitunga hivyo makusudi. "Pumzi ikikuishia, nyamaza uvute," akituambia. "Mwenzio yupo. Ukishapata, rudi." Kwa hiyo kila mtu alikuwa ananyamaza kwa wakati wake, na anayesikiliza nje hakujua kama yupo aliyenyamaza.

Alhamisi tatu nilikaa kando ya Mize bila ya kufungua kinywa. Nilichokuwa nafanya ni kusikia mgongo wake ukipanda na kushuka karibu na bega langu. Ya nne, walipofika kwenye ule mstari wa waliopotea, mtetemo wa sauti yake uliniingia mbavuni, na kitu kikatoka kwangu ambacho sikukijua kuwa ni sauti yangu. Kikatoka pamoja na kilio. Nilidhani watanyamaza, wataniletea maji, wataanza kunipa pole nilizozoea kupewa. Hapana aliyenyamaza. Mize aliuweka mkono wake juu ya goti langu, wakaendelea kuimba, na kilio changu kikapita humo ndani kama maji yanavyopita kwenye mfereji, mpaka kikaisha na mimi nimo kwenye kiitikio. Bi Moza alinitazama mara moja tu, akaendelea kupiga dufu.

Baada ya kuimba tulikuwa tunakunywa uji wa pilipili manga kwa mkate wa mchele. Siku ile nikamaliza bakuli, nikaongezwa. Wanawake wakizungumza yao: Bi Mkasi, aliyekuwa mshonaji, akieleza habari za bibi harusi aliyenenepa kati ya kipimo na harusi, mwingine akilalamika kwamba mumewe anakoroma mpaka kuku wanaamka. Nilikuwa nacheka na mdomo umejaa. Nikirudi nyumbani nilikuwa nalala mpaka adhana ya alfajiri. Mwezi wangu wa pili wa kuimba, Nesi Agnes aliponipima alitazama mizani mara mbili, akaniuliza ni dawa gani nyingine ninayotumia. Nikamwambia kwa aibu kwamba naimba kasida na wenzangu. Hakucheka. Aliniambia kwao, alipofiwa na mama yake, kwaya ya kanisani ndiyo iliyomtoa kitandani, na hapa Wete anachokikosa kuliko vyote ni kukaa katikati ya watu wanaoimba. Siku hizi nikisikia kwenye redio wataalamu wanaeleza kwamba kuimba pamoja kunateremsha presha, kunapanua mapafu na kuondoa huzuni, nakubali, lakini najua wanaeleza nusu. Kile kilichonitibu mimi si mapafu peke yake. Ilikuwa kule kujua kwamba naweza kunyamaza katikati ya mstari na mstari usife.

Kisha ukaja uchaguzi. Sitaki kusimulia siasa, waliozijua watazisimulia. Nitasema tu kwamba baada ya matokeo mji wetu ulikatika vipande viwili, kikubwa na kidogo sana. Watu wa kile kidogo, waliokuwa wakijulikana au wakidhaniwa kuwa ni wa chama kinachotawala, walikuwa hawasalimiwi. Muuza samaki anageuza uso. Mtu akifa, anazikwa na jamaa zake peke yao. Na wale wa kipande kikubwa nao walikuwa na yao ya kuumiza. Mdogo wake Bi Mkasi, kijana aliyekuwa akikwea minazi, alichukuliwa na askari baada ya fujo moja, na aliporudi mkono wake wa kulia haukunyanyuka tena. Niliuona mkono ule. Umelala pajani kama kitu alichokipakata. Kwa hiyo siwezi kusema Bi Mkasi alikuwa mwanamke mbaya.

Alhamisi moja Mize aliingia ukumbini kama kawaida, na wanawake waliokuwa upande wake wakasogea, mkeka ukabaki mtupu pande zote mbili. Bakari, mumewe, alikuwa amepandishwa cheo serikalini wiki ile, na watu wakamhesabu wa kile kipande kidogo. Mize alivua viatu, akakaa palepale. Bi Mkasi hakukaa. Alimwambia Bi Moza, kwa heshima, kwamba ndugu yake hawezi kujilisha, analishwa na yeye kijiko kwa kijiko, na kwamba hawezi kutoka kumlisha akaja hapa kupokezana pumzi na watu wa nyumba ile.

"Nyumba siijui mie," Bi Moza akasema. "Namjua Mize. Kaja kuimba, ntamwimbisha. Na weye umekuja kuimba, Mkasi. Kaa."

Bi Mkasi alilia kwanza, ndipo akaondoka. Wakafuata watano. Tuliobaki tuliimba, lakini mstari ulikatika mara tatu, na Bi Moza hakutusahihisha. Wiki iliyofuata tulikuwa saba, kisha wanne. Mimi niliendelea kwenda mpaka Hamad akaniambia, huku akipaka mafuta mnyororo wa baiskeli na macho yake hayaniangalii, kwamba watu wamekuwa wakipita kibandani kwake hawasimami. "Mie sikukatazi," akasema. "Mwenyewe nimekuona ulivyokuwa na ulivyo. Lakini wananitazama, Riziki." Mara nyingi nimejaribu kumtwisha lawama hizi Hamad, Mungu amrehemu, na kila mara nakumbuka kwamba alisema hanikatazi.

Sikwenda Alhamisi hiyo, wala nyingine. Nilikuwa nakaa uani kwangu nakuna nazi, na ng'ambo ya ukuta nawasikia wakiimba wawili, ile sauti nyembamba na ile nzito. Mistari ilikuwa mirefu mno kwa watu wawili. Mmoja akivuta pumzi, mwingine anabaki peke yake kama mtu aliyeachwa njiani, na mara nyingine zote mbili zinaisha pamoja, panakuwa kimya, nami napata kusikia kuku na vyombo. Nilikuwa nafungua kinywa nifuate kwa siri, lakini kuimba kwa siri nyuma ya ukuta hakukuwa kuimba. Kibwebwe kile kikarudi kifuani. Chakula kikaanza tena kunishinda. Siku moja nilikutana na Mize kisimani. Hakuniuliza kwa nini. Alinitekea maji, akanitwisha, akaniambia nimekonda. Mimi nikatazama kama kuna anayetuona.

Bi Moza alikufa kabla ya masika. Walisema presha. Mimi nilimwona siku chache kabla, ameketishwa barazani kwake mikono imelegea, na alipoitikia salamu yangu sauti yake, ambayo haikupata kutikisika, ilitikisika. Sina ushahidi kwamba mtu anaweza kufa kwa kuondokewa na watu kumi na watano. Nasema nilichokiona. Siku ya msiba wote walirudi. Ukumbi ulijaa kuliko ulivyopata kujaa Alhamisi yoyote, Bi Mkasi akiwa mstari wa mbele macho yamevimba, kwa sababu alimpenda. Maiti alikuwa chumba cha ndani, anaoshwa. Mimi nilipewa chetezo cha ubani nikae nacho kwenye mlango wa chumba kile.

Mize alikuja amevaa buibui, amembeba Salma kiunoni. Alipita katikati ya ukumbi, na alipopita mazungumzo yalikufa. Hakuna aliyemtukana. Walikuwa wanajikunyata tu, kila mmoja anaondoa pindo la nguo yake njiani. Alifika mlangoni, akasimama mbele yangu. Yeye ndiye aliyemlisha Bi Moza miezi ile ya mwisho, yeye ndiye aliyemuogesha alipokuwa hawezi. Wote tulijua.

"Riziki," akasema, "nipishe."

Mlango ulikuwa mwembamba. Ilitosha nisogee hatua moja. Nyuma yake niliona nyuso zote zinanitazama, nikamuona Bi Mkasi, nikafikiria kibanda cha Hamad, na ninaapa sikuamua lolote. Nilingoja tu miguu yangu ifanye itakalo, nayo haikufanya. Moshi wa ubani ulikuwa unapanda kati yetu, Salma akapiga chafya.

"Nipishe nimuage," akasema tena, polepole zaidi.

Nikayateremsha macho yangu kwenye makaa. Niliiona miguu yake imesimama kitambo, kisha ikageuka. Alipotoka wanawake walianza dhikri, na ilikuwa kubwa, na nzuri, na haikukatika hata mara moja, na mimi sikuwemo. Kabla ya mwezi kwisha Bakari alihamishiwa Tanga, wakaondoka asubuhi na vitu vyao juu ya gari ndogo. Sikutoka kuwaaga. Mwaka uliofuata Hamad alipata kazi huku kusini, tukahamia Mtambile, tukazaa, tukalea. Mji ulipona, au tuseme ulizoea. Watu waliokataa kuzikana wakaja kuozana. Sikujiunga tena na kundi lolote la kuimba. Walinialika, nikasema kifua changu kibovu.

Baada ya safari ile ya kwanza nikawa naenda Tibirinzi kila Alhamisi. Hatukuipanga siku hiyo, ilitokea. Salma alikuwa anatuachia chumba, na mimi naanza, Mize anaingia. Rangi ilimrudi kidogo. Mtaalamu wa mazoezi alimwambia Salma tuendelee, na akawa anajaribu kumpenyezea maneno ya kawaida ndani ya wimbo, nataka maji, nataka kulala, na mawili matatu yalikubali. Wiki ya tano nikaona siwezi tena kuimba naye juu ya jambo lile. Nikamshika mkono ule mzima, nikamwambia, "Mize, mlangoni pale ilikuwa juu yangu kukupisha. Hapana aliyenishika. Nakuomba radhi." Nilisema hivyo tu, ingawa nilikuwa nimejitayarishia mengi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akautoa mkono wake kwenye wangu, akageuza uso ukutani. Nilikaa mpaka Salma aliporudi, na hakugeuka.

Alhamisi iliyofuata nilikwenda vilevile, kwa kuwa sikuona la kufanya jingine. Nilianza kasida, na nilipofika pale ambapo pumzi yangu ya uzeeni inaishia, nikajua itakatika. Sauti yake ikaichukua. Aliimba akitazama dirishani. Nilikuwa na akili ya kutosha kufahamu kwamba kunipokea katika wimbo si kunisamehe. Mtu anaweza kukupa pumzi yake akakunyima uso wake. Tuliimba hivyo wiki tatu, yeye akitazama nje.

Mara ya mwisho nilikuwa nimekwisha kusimama, nimevaa buibui, namwambia Salma kuhusu dawa. Nikasikia nyuma yangu, "Njoo." Lilikuwa neno zima, halikuimbwa. Tuligeuka sote wawili. Alikuwa anatutazama, mimi na Salma tumesimama bega kwa bega, na sikuweza kujua amemkusudia nani. Salma akasogea, Mize akatikisa kichwa. Nikasogea mimi. Hakufanya kitu, hakunishika, hakutabasamu. Alinitazama usoni kwa muda mrefu, kama anayemtafuta mtu aliyemjua, mpaka macho yake yakachoka akayafumba.

Alifariki Jumatatu. Salma anasema hakusema neno jingine la kusemwa baada ya lile. Halikuwa "nimekusamehe". Nimelichukua hivyohivyo lilivyo, na Alhamisi ikifika saa ya alasiri huwa nalisikia, nikavaa buibui kama wa kwenda Tibirinzi, nikakaa ukumbini nimevaa.